Faksi ya Kaka, Karoti za Mgeta

Mimi na kaka yangu tulipigana mara tatu kwa sababu ya mashine ya faksi. Mara ya kwanza alinirushia panchi, ile ya chuma ya kutobolea karatasi, ikanipasua juu ya nyusi. Mara ya pili nilimsukuma akaangukia kabati la kioo, akashonwa nyuzi saba kwenye kiwiko. Mara ya tatu sikurudisha hata ngumi moja, na sababu yake ndiyo inayonifanya niandike haya.

Duka letu ni la steshenari, lipo Mafiga. Tunatoa kopi, tunachapa barua za kuomba kazi, tunapiga picha za pasipoti, na zaidi ya yote tunalamineti. Mtu wa huku kwetu akishika karatasi ya maana, jambo la kwanza analowaza ni kuivisha plastiki, na hiyo plastiki hushikishwa kwa mashine yenye moto. Nimelamineti vyeti vya ndoa, kadi za kliniki, barua za talaka. Kuna mzee alileta risiti ya jeneza la mkewe, nikailamineti pia, wala sikumuuliza kitu.

Faksi kaka aliinunua kwenye mnada, ofisi ya kiwanda kimoja ilipofungwa. Ilikuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara, na ilipopokea ujumbe ililia kama paka aliyekanyagwa mkia. Mteja wake alikuwa mmoja tu. Ofisi fulani ya Dar, inayopeleka mboga kwenye meli bandarini, ilituma oda kila Jumanne kwa kikundi cha wakulima wa Mgeta, huko milimani. Mtu wa kikundi alishuka kuchukua karatasi, wakulima wakang'oa kufuatana na karatasi, na Alhamisi lori likapanda kubeba. Dereva wa lori alikuwa shemeji yetu, mume wa dada.

Mimi niliona ni upuuzi. Tunalipia laini ya simu ya mezani kwa ajili ya karatasi moja kwa wiki, ilhali Dar wangeweza kupiga picha ile oda na kuituma WhatsApp ikafika kabla sijamaliza kumeza mate. Nilimwambia kaka tuitupe. Nilimwambia kwa upole, kisha kwa kejeli, kisha mbele ya wateja, na hapo ndipo panchi iliporuka. Sisi wawili tumerithi hasira za baba kama wengine wanavyorithi shamba.

Kaka naye alikuwa na hoja zake. Alisema watu wa mlimani hawaamini simu, kwa sababu simu wamedanganywa nayo vya kutosha. Madalali walishawapigia wakasema bei imeanguka, kumbe haijaanguka. Madereva walishawaambia oda imepungua, kumbe wamejaza nusu ya lori mzigo wa mtu mwingine. Karatasi yenye muhuri na sahihi ndiyo waliyoiamini, wakaitundika kwenye ghala lao ili kila mtu aione.

Alikuwa pia na sheria moja, na aliirudia mpaka ikanikera.

"Faksi ikitoka, toa kopi kwanza. Karatasi yake haitumii wino, inatumia joto. Ukiiacha juani inafifia, ukiipitisha kwenye moto inakuwa nyeusi yote."

Niliijua sheria hiyo kama ninavyojua jina langu. Naisema mapema ili mtu asije akanihurumia.

Jumanne ile tulianza kugombana asubuhi, kabla hata ya kufagia. Ndiyo siku ya kabati la kioo. Damu ya kaka ilidondokea kwenye bahasha za kaki, na fundi wa saa wa jirani ndiye aliyetutenganisha. Kaka akaenda kushonwa, kisha akapitiliza Kingolwira kwenye msiba. Nikabaki peke yangu dukani, nikitamani arudi nimwongeze.

Faksi ikalia saa nane mchana. Karatasi ikajisokota ikadondoka mezani, nikaiacha palepale. Kutoa kopi kungekuwa kutii amri ya mtu niliyekuwa nimemchukia tangu asubuhi. Niliona neno karoti, nikaona sahihi ya Dar, basi. Wiki tano mfululizo oda ilikuwa magunia themanini, kwa hiyo hata sikuisoma.

Mwenyekiti wa kikundi akashuka mwenyewe siku hiyo. Ni mzee mfupi, mwenye miguu ya mtu aliyepanda milima maisha yake yote. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaomba maji ya kunywa. Alisema mvua zimeanza huko juu na karatasi ya wiki iliyopita ililowa mfukoni mwake, watu wakamlalamikia. Akaomba hii niilamineti.

Nikaichukua, nikaiweka kwenye plastiki, nikaiingiza kwenye mashine. Naapa sikukumbuka. Au nilikumbuka, lakini sauti iliyonikumbusha ilikuwa ya kaka, nikaikataa. Mpaka leo sijui ni lipi kati ya hayo mawili. Karatasi ikaanza kutoka upande wa pili ikiwa nyeusi, nyeusi ya sufuria, kuanzia pembe hadi pembe, inang'aa.

Mzee aliigeuza mara mbili. Aliuliza maandishi yamekwenda wapi. Ningeweza kupiga simu Dar waitume tena, ni kazi ya dakika tano. Lakini aibu ilinipanda, na aibu kwangu mimi haikai sana kabla ya kugeuka hasira. Nikamwambia mashine ndiyo mbovu, kosa si langu, oda ni ileile ya siku zote, magunia themanini. Akaiweka karatasi nyeusi ndani ya koti lake, akaniaga kwa heshima, akaenda kutafuta gari la kupanda Mgeta.

Jumatano wakang'oa. Karoti ukishaing'oa huwezi kuirudisha ardhini. Waliziosha mtoni, wanawake kwa wanaume, wakajaza magunia themanini na kuyapanga kando ya barabara chini ya maturubai.

Alhamisi asubuhi shemeji alipanda na lori. Ofisi ya Dar ilikuwa imempigia kwenye kitochi chake, simu ndogo isiyo na WhatsApp, kumwambia wiki hii meli ni moja, apakie arobaini tu. Aliposhuka na kuwaambia hivyo, walidhani wanamjua. Huyu naye ameuza nafasi ya lori, walisema. Aliwaambia wapige Dar wenyewe. Wakasema huyo wa Dar ni mwenzake. Akawaambia basi watazame karatasi, karatasi si wanayo. Mwenyekiti akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa ile nyeusi, na watu wote wakaiona.

Hapo ndipo mwenyekiti aliponipigia. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nyuma yake nilisikia kelele za watu wengi, na sauti ya shemeji ikisema jambo lilelile tena na tena.

Kaka alikuwa amekaa mbele yangu, kiwiko kimefungwa bandeji, anapanga picha za pasipoti. Hatukuwa tumesemeshana tangu Jumanne. Aliinua kichwa kuniangalia.

"Mwanangu, ile karatasi ilisema ngapi?" mwenyekiti aliuliza.

Jibu la kweli lilikuwa sijui. Ningesema sijui, nipe dakika tano niwapigie Dar. Lakini kusema sijui mbele ya kaka kulikuwa sawa na kukiri kwamba sikutoa kopi, na mimi ningeona afadhali nife.

"Themanini," nikasema, tena kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Simu haikukatwa mara moja. Nilisikia mwenyekiti akiwatangazia watu wake neno langu. Kisha nikasikia kishindo, kama gunia limetupwa chini, na halikuwa gunia.

Yaliyofuata alitusimulia mama mmoja aliyekuwa akiosha karoti, ambaye alimshikilia kichwa shemeji njia nzima ya kuteremka kwenye gari la watu wengine. Walianza na makofi. Kisha mtu akaleta mpini wa jembe. Shemeji alikimbilia chini ya lori, wakamvuta kwa miguu, na mguu mmoja ukavunjika alipoukwamisha kwenye tairi asitoke. Walimpiga kwa mawe, kwa mateke, kwa mabuti ya plastiki yenye tope la mtoni. Mwanamke mmoja alimpiga kwa karoti mpaka zikamwishia. Kijana aliyempiga jicho alitumia jiwe la kuzuia gari lisirudi nyuma, na mwenyekiti alipowaambia imetosha hawakumsikia. Shemeji aliendelea kusema arobaini hadi mdomo ukajaa damu.

Kaka alipata habari kabla yangu. Alipiga simu Dar akiwa amesimama, akawaambia waitume tena ile oda, na faksi ikalia kilio chake. Karatasi ikatoka polepole. Karoti, magunia arobaini. Aliisoma, akaiweka mezani, kisha akauliza jambo moja.

"Kopi ya Jumanne iko wapi?"

Niliitazama mashine ya kopi. Ndipo akaja. Alinipiga kwa mkono wenye bandeji hadi nyuzi zikafumuka, na damu yake na yangu zikachanganyika kwenye shati langu. Alinipiga bila kusema neno, tofauti na siku zote, na mimi niliweka mikono chini. Nilitaka anipige zaidi. Nilitaka kitu kivunjike mwilini mwangu ili hesabu iwe sawa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tunavyosema, lakini guu lililovunjika halikuwa langu.

Kutwa ile nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, na kesho yake, na siku polisi walipopanda Mgeta na kuwateremsha vijana wawili pamoja na mwenyekiti. Mwenyekiti aliwaambia kijana wa steshenari ndiye aliyesema themanini. Nikaitwa. Nikaulizwa. Nikasema ndiyo, karatasi ilisema themanini, ile mashine ni kuukuu, huchapa inavyotaka. Nani angenibishia? Ushahidi ulikuwa mweusi pembe hadi pembe. Kaka alikuwa amesimama pembeni yangu. Aliangalia viatu vyake, akasema mashine kweli ni kuukuu.

Dada alikuja dukani siku shemeji alipotolewa jicho hospitalini. Alikuja na mchi wa kinu, amevaa khanga mbili, hajachana nywele. Nilidhani ananijia mimi, na nilikaa palepale. Alinipita. Aliiinulia mchi ile faksi, akaishushia mara nyingi, hata baada ya kufunguka na matumbo yake ya plastiki kumwagika sakafuni, huku akiitukana kama mtu anavyomtukana mke mwenza. Mimi na kaka tulimwangalia. Fundi wa saa alikuja kumshika, kaka akamwambia amwache.

Siku hizi oda inakuja kwa WhatsApp. Dar wanapiga picha, natoa chapa mbili kwa wino, moja nalamineti, moja nabandika ukutani. Kila kitu ni kama nilivyotaka. Akija mtu kuniuliza kama biashara ndogo inahitaji faksi, namwambia haihitaji, na hilo ni kweli.

Shemeji hawezi tena kuendesha. Anakuja dukani karibu kila siku, anaegemeza gongo lake mlangoni na kukaa kwenye benchi la wateja. Jicho lililobaki halioni vizuri maandishi madogo. Wiki iliyopita alikaa akinitazama nikitoa chapa ya oda, kisha akasema jambo ambalo nadhani alikuwa ameliweka moyoni siku nyingi.

"Wewe shemeji ulisema toka mwanzo ile faksi itupwe. Wangekusikiliza, leo ningekuwa na macho yangu mawili."

Kaka alikuwa anakata picha za pasipoti. Mkasi ukasimama. Nilimngoja aseme, naapa nilimngoja, kwa sababu mimi nisingeweza. Baada ya muda mkasi ukaendelea.

Shemeji akaelekeza kidevu kwenye karatasi iliyokuwa mkononi mwangu, akauliza ya leo inasema ngapi. Nikamwambia sitini. Kisha nikaitazama tena, nikaitazama na mara ya tatu, na yeye akangoja kwa subira, akidhani macho yangu ndiyo mabovu.