Viazi vya Mke wa Mjerumani

Hapa Likasi kuna mkahawa mdogo wa Mjerumani. Mzee huyo alikuja zamani kufunga mitambo kiwandani, akaoa mwanamke wa hapa hapa, hakurudi tena kwao. Wameweka meza chache sebuleni. Mzee anachoma soseji uani, binti anahudumia wateja, mama mwenyewe yuko jikoni. Mama huyo nilikuwa simjui, na tayari nilikuwa namchukia.

Sababu ni mume wangu. Alianza kurudi kutoka kazini akinuka siki na kabichi. Nikimwekea bukari, ugali wetu, anamega matonge mawili matatu, ananawa. Kwetu mwanamume asiyemaliza bukari ya mkewe ameshibia kwingine, na mtaa mzima unajua maana yake. Jirani akaniambia amemwona akiingia kwa Mjerumani, tena si mara moja. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sikulia. Nilimwambia Jumapili, tukitoka misa, anipeleke nami nikale huko.

Hakubisha, na hilo likanichoma zaidi. Nilivaa kitenge changu kizuri kuliko vyote, nikapaka mafuta mpaka vifundoni. Niwe nimeachwa, sawa, lakini nisiwe nimechakaa.

Mume wangu hata hakuagiza. Mama akatoka jikoni na sahani yake mkononi. Alikuwa mzuri, nisidanganye, mnene wa kupendeza, na vishimo mashavuni. Akamwekea viazi vya kuchemsha na kuku asiye na ngozi wala pilipili.

"Papa, yako njo hii. Tumbo iko namna gani leo?"

Tumbo! Miaka yote nalala kando ya hilo tumbo, na anayelijulia hali ni mwanamke mwingine.

"Tumbo gani?" nikauliza.

Mama akatutazama sote wawili, akarudi jikoni upesi. Mume wangu akaangalia viazi vyake.

"Miko na kidonda mu tumbo," akasema. "Docteur alinikataza bukari na pilipili. Njo maana minakuyaka kula hapa."

"Na weye, juu ya nini haukuniambia?"

"Ningekatala bukari yako namna gani? Mama yako iko anakuya kila siku ku nyumba. Bangesema miko na mwanamuke mwingine."

Basi yale matonge mawili matatu ya kila jioni alikuwa anayameza na maumivu yake, ili mimi nisichekwe. Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka pia kumpiga na ile sahani. Nikainuka, nikaenda jikoni.

"Mama, unifundishe ile viazi."

Akacheka, vishimo vikatokea. "Ingia. Miye niliwaza unakuya kunipiga."

"Hata ile niliiwaza," nikamjibu.

Siku hizi nampikia mwenyewe. Mama yangu akiuliza mbona mkwe wake hali bukari, namwambia ni mimi niliyemkataza, mambo yakaisha. Tumbo limepoa, na kwa Mjerumani haendi tena bila mimi. Juzi alisema viazi vyangu vimekuwa vitamu.

"Inapita ile ya kule kwa Mjerumani?" nikamuuliza.

Alikitafuna kile kiazi muda mrefu mno. Na kiazi chenyewe kilikuwa laini.