Chupa za Juani

Mkemia wetu, mpangaji wa chumba cha uani hapa Kariakoo, utamjua kwa vidole: vya buluu hadi kwenye kucha. Kila asubuhi hupanga chupa juani, zenye maji ya rangi yanayomwagwa na kiwanda cha khanga, akatia unga wake mweupe, akazitikisa taratibu kama anayembembeleza mtoto. Anasema unga huo ukipigwa na jua huila rangi, maji yakawa safi. Kazini wenzake humcheka: rangi inanyonywa na unga tu, jua halihusiki.

Juzi jua lilikuwa kali. Mama Evarista, mwenye nyumba, akazionea huruma chupa, akahamishia nusu kivulini zisiharibike. Mkemia aliporudi jioni, za kivulini zilikuwa buluu vilevile. Za juani zimetakata kama maji ya mvua. Tukangoja agombe. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama, unga ni uleule! Kilichokosekana ni jua. Kesho nawapelekea kazini kama zilivyo."

Tangu hapo kamba ya nguo tumeihamisha. Mgeni akisimama pale, Mama Evarista humfokea: "Ndugu, sogea! Unatuzibia jua, tuko kazini."