Wageni Tulioambiwa Tuwaogope

Ipo siku moja sijaisahau mpaka leo, mjukuu wangu. Nilikuwa nimeshuka mlimani na tenga la kabichi kichwani, mama yako mchanga mgongoni, nikakutana na Nomsa. Huyo alikuwa mmoja wa wapigania uhuru kutoka Afrika Kusini waliopewa kambi huku kwetu Morogoro. Alikuwa mteja wangu, na kila tulipokutana, kabla hajaangalia kabichi, alitaka kwanza ampakate mtoto.

Siku hiyo nilimkatalia. Redioni tulisikia kwamba makaburu waliotawala kwao wanawaita magaidi, na ndege zao zimeshapiga mabomu nchi jirani kwa sababu ya kuwahifadhi. Hofu ilinishika vibaya. Nikamwambia mbele za watu, "Ondokeni kwetu. Mtatuulia watoto." Akageuka akaenda zake, na mimi kwa ujinga wangu nikajiona shujaa.

Habari zilimfikia mjomba kabla sijafika nyumbani. Kwetu Waluguru mjomba akikuita unakwenda, hata uwe umeolewa. Hakunifokea, na bora angenifokea.

"Anayemwita Nomsa gaidi ndiye aliyemfukuza kwao," alisema. "Wewe unamjua mwaka wa pili huu. Unamsadiki nani?"

Kesho yake nikashuka tena, nikamtafuta, nikamwomba radhi na kumpa mtoto ampakate. Alilia, masikini, ndipo akaniambia kwamba naye alimwacha wa kwake kwa bibi yake. Ndege hazikuja. Miaka ikapita, kwao wakapata uhuru, akarudi huko, akanitumia picha amesimama na mwanawe, baba mzima mwenye ndevu. Nilicheka peke yangu siku nzima.

Sasa nakuona na simu yako, unashangilia nchi ya watu ikipigwa mabomu kwa kuwa inasemwa inaficha magaidi. Sibishi, wauaji wapo, na zipo serikali zinazowaficha kweli. Wakamatwe. Lakini kabla hujapiga makofi, uliza anayesema ni nani, na kule mabomu yanakoangukia wanaishi akina nani. Nchi iliyosemwa vile zamani zile ilikuwa hii yetu, na waliokuwa wakingoja ndege ni mimi na mama yako.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe majirani wema na wageni wema, na siku utakayoogopa asikunyime mtu wa kukuuliza swali.