Aliyetaka Foleni Isahaulike

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Kilindini, nikiwa na akili zangu timamu. Ukitaka kucheka, cheka. Nimeshazoea.

Nafanya kazi kwenye ofisi inayopanga zamu za malori kuingia bandarini. Dereva anajiandikisha kwa simu, anapewa nafasi yake. Foleni hiyo tuliiweka kwenye hifadhidata inayoshika kila kitu kwenye kumbukumbu ya mashine tu, kwa ajili ya wepesi, na mashine yenyewe ni ya kukodi, iko kwenye wingu, mbali huko kwa wenye seva zao. Ubaya wake, ikizimika na kuwaka upya, foleni yote imefutika. Madereva waliolala Kibarani wakingoja zamu wanaanza mwanzo. Asubuhi moja waligombana, mmoja akapigwa spana ya magurudumu, jicho likaenda. Nikaapa: leo sitoki ofisini mpaka data hii iwe inaandikwa kwenye diski.

Wenzangu wakaondoka, nikafunga mlango kwa ufunguo. Adhana ya magharibi ilikuwa ndiyo inamalizika. Nimeshaunganisha diski ya kudumu, nafungua faili la mipangilio, nasikia, "Hodi."

Alikuwa mtu wa makamo, shati jeupe, nadhifu, ameshasimama ndani. Ule ufunguo, niamini, haukunijia akilini kabisa. Nikamwamkia. "Shikamoo, baba."

Akavuta kiti. "Binti wa nani wewe?"

Adabu ikanitangulia. "Wa marehemu Mwakio, wa Wundanyi."

"Mwakio," akasema taratibu, kama anayeonja kitu. "Mwanangu, wacha hiyo kazi. Iache isahau. Mimi napita pale wanaposahau."

Anapita kwenda wapi? Nilitaka kumuuliza, lakini nilipomtazama usoni nikaliacha swali. Kila nikipepesa macho, uso mwingine: mara ana ndevu, mara hana, pua nyingine, macho mengine. Shati ni lile lile. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Hata mimi nilitaka kukimbia, ila yeye ndiye aliyekaa upande wa mlango. Tena nilikuwa nimekwenda kumwona yule dereva hospitalini, nikamwona tena akilini na bandeji yake.

Nikageukia skrini. Nikaandika agizo kwamba kila badiliko liandikwe diskini sekunde kwa sekunde, na nakala ya foleni nzima ichukuliwe kila baada ya muda. Nikakosea, nikafuta, nikaandika tena.

"Ukihifadhi huko, nitachukua kwako." Sauti ilikuwa sikioni kwangu, na kiti sikukisikia kusogea.

"Chukua," nikamjibu. Mungu ni shahidi, nilimjibu hivyo.

Kisha nikaizima mashine kwa mkono wangu mwenyewe, maana mipangilio ambayo hujaijaribu ni maneno matupu. Nikaiwasha. Lori la kwanza likarudi, la pili, yote, kila moja na nafasi yake. Nilipogeuka hapakuwa na mtu, na mlango bado umefungwa kwa ufunguo. Mlinzi wa getini anasema hakumpitisha mtu yeyote.

Tangu jioni hiyo madereva hawajagombania zamu. Lakini nilipofika nyumbani nikataka kuikumbuka sauti ya baba alivyokuwa akiniita. Marehemu alikuwa akiimba besi kanisani, sauti yake kijiji kizima kiliijua. Sikupata kitu. Kaka yangu akanitumia rekodi ya zamani, baba ananitakia safari njema, ananitaja jina. Nimeisikiliza mara nyingi. Ni mzee wa watu tu, simjui.

Kwa hiyo wewe mwenye mashine kama yangu, washa uhifadhi kabla mtu hajaumia, halafu izime uone kama data inarudi. Ukipigiwa hodi ukiwa kwenye kazi hiyo, usimtaje mzazi wako. Na ukiambiwa uache, usiache. Mimi hata leo nisingeacha.