Ongeza Kumi na Nne

Kwa miaka ishirini na sita mwanamke yule aliusoma mto kama wengine wasomavyo barua. Ofisini walimwita Mama Sentimita, naye jina hilo alilipenda, kwa kuwa alilipata kwa jasho. Kila asubuhi alisoma mti wa kipimo, wenye alama za sentimita, uliosimikwa chini ya daraja, kisha akapanda kilima mwendo wa saa nzima hadi kwenye mti wa pili, kule juu mto unakoteremka kutoka milimani. Mti huo wa juu ndio uliokuwa na maana. Mvua kubwa ikinyesha milimani, maji hupanda pale kwanza, na darajani hufika baada ya muda wa saa tano, kwa kuwa mto huzunguka mbali kabla ya kushuka bondeni. Muda huo ulitosha kupiga king'ora na kuwaondoa watu wa mtaa wa bondeni, wazee, watoto na kuku wao.

Kisha goti likamsaliti. Siku ya kwanza alijiambia moyoni, leo tu. Akasoma mti wa darajani, akaongeza sentimita kumi na nne, ambayo ndiyo tofauti ya siku za kawaida baina ya miti ile miwili, akaandika. Hakuna aliyeuliza. Leo ikazaa kesho, na kesho ikazaa miaka mitatu. Siku za Ijumaa aliongeza kumi na tano, ili daftari lisifanane mno. Mvua za miaka hiyo zilikuwa za upole, mto ukamsitiri. Naye akajizoeza kupita njiani bila kuinua macho kukitazama kilima.

Alasiri moja binti wa kaka yake, aliyemlea mwenyewe tangu akiwa wa kubebwa na ambaye sasa alikuwa mtaalamu wa kompyuta katika idara ile ile, alimwita kwenye chumba cha ramani.

"Shangazi, njoo uone kuku wangu."

"Kuku wamo ndani ya kompyuta siku hizi?"

"Wamo! Tazama. Mashine nimeipa vipimo vyako. Ikatunga kanuni mia tano za kubashiri kipimo cha mti wa juu kutokana na cha darajani, ovyo ovyo tu. Zinazokosea sana nazichinja. Zinazokaribia ukweli nazipandisha, kichwa cha hii na mkia wa ile, vifaranga wanatoka. Vizazi mia mbili, na jogoo mshindi ndiye huyu."

"Anawikaje?"

"Chukua kipimo cha darajani, ongeza kumi na nne. Basi! Ila Ijumaa, kumi na tano. Hiyo Ijumaa imetushinda kueleza. Mkuu anasema huenda kuna kiwanda huko juu kinachofungulia maji."

Shangazi alishika ukingo wa meza. "Na madaftari ya zamani je?"

"Hayo yamevurugika, Shangazi. Namba zinaruka kama panzi. Nimeyaacha. Haya yako ya karibuni ni safi kama kioo."

Yaliyoruka kama panzi ndiyo yaliyokuwa ya kweli. Tangu shuleni alijua kwamba njia ya mwongo ni fupi. Hakuwahi kudhani kwamba angeiona imeandikwa kwenye skrini, ndani ya mstari mmoja, na mtoto wake mwenyewe akiishangilia.

Mkuu wa idara aliingia na karatasi mkononi. "Mama Sentimita, umetukomboa! Mti wa juu hatuuhitaji tena. Keshokutwa king'ora kinaunganishwa na kanuni ya binti yako. Tia sahihi hapa tu."

Karatasi ilisema: *Nathibitisha kwamba vipimo hivi nilivisoma kwa macho yangu.* Akitia sahihi, siku moja watu wa bondeni wangeamshwa na maji badala ya king'ora. Akikataa, angeizika kazi kubwa ya kwanza ya binti huyu. Akaiweka kalamu mezani.

"Mti wa juu sikuusoma, Mkuu."

Mkuu akacheka hadi miwani ikamteleza. "Unyenyekevu gani huo! Kanuni imepatia asilimia tisini na tisa, mama. Mtu habahatishi hivyo."

"Sikubahatisha. Niliongeza."

"Ndivyo kanuni isemavyo!" Simu ikamwita, akatoka akiwa bado anacheka. "Nikirudi nikute sahihi."

Binti hakucheka. Alikuwa akiutazama mstari wa Ijumaa.

"Shangazi. Na Ijumaa?"

"Ili lisifanane mno."

Feni ilizunguka, ramani zikapepea. "Jina langu liko kwenye ripoti," binti akasema taratibu. "Ungeniambia hata jana."

"Jana nilikuwa mwoga kama leo, mwanangu. Ila leo kuna karatasi."

"Twende huko juu. Nikausome mwenyewe. Huenda kumi na nne ni kweli, huenda bado tunaokoka."

Walipanda kwa saa mbili, goti likilia kila hatua, binti akimshika mkono. Walipofika, maji yalipita juu ya kitako cha zege kilichobaki na kipande cha chuma kilichopinda. Mti wenyewe haukuwapo.

"Ulianguka lini?"

"Sijui."

"Na kesho ungeandika ngapi?"

"Kesho ni Ijumaa."

Binti aliketi juu ya jiwe. Akatoa simu, akatafuta namba ya Mkuu, kidole kikasita hewani. "Nikimwambia, na mimi nimekwisha."

"Lete hapa. Mwongo ni mmoja."

Simu ililia mara mbili. "Mama Sentimita! Umeshatia sahihi?"

"Sijatia. Niko juu kilimani. King'ora kisiguswe, Mkuu. Huku hakuna mti."

"Haupo? Tangu lini?"

"Tarehe ya mti siijui," akasema, akiwa amejiegemeza begani mwa binti wa kaka yake. "Yangu mimi naijua." Akaitaja, siku, mwezi na mwaka, kisha akaanza kumsimulia habari za goti.