Kadi ya Mtu Mmoja

Siku ile barazani kwetu Milanzi, hapa Sumbawanga, tulikuwa wanne. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo mdogo wangu Sabina, anakata riboni. Alikuwepo kitindamimba wetu Levina, amekaa miguuni pangu anachezea vipande vya karatasi. Na alikuwepo jirani yetu Mama Atu, mtu wa Mbeya anayeuza mitumba, ambaye siku asipokwenda sokoni hushinda kwetu akipiga soga. Wa tano alikuja baadaye, na huyo jina lake silijui mpaka leo. Nawataja mapema ili mtu asije akasema niliota. Sisi wanne wote tuko hai. Ukimkuta Mama Atu muulize, ingawa yeye ataongeza chumvi. Mimi siongezi.

Najua pia ukisikia Sumbawanga tu unaanza kucheka. Watu wa mbali wanatutania kwa radi na ungo, na sisi wenyewe tunajitania. Sawa, cheka. Ila hili mimi silichekei, na wala halikutokea usiku. Lilitokea mchana, jua linawaka, upepo wa kiangazi unatupiga vumbi la macho.

Kazi yangu ni kutengeneza kadi zinazosimama. Ikiwa imefungwa unaona kadi ya kawaida. Ukiifungua, picha iliyokatwa ndani inainuka na kusimama: kanisa, keki, bibi na bwana harusi, kikombe cha Komunyo. Kazi yote iko kwenye mikunjo. Unachana karatasi ya manila kwa kisu, unaacha juu na chini pakiwa pameshikana, unasukuma kwa ndani, unakunja kinyume. Ukikosea mkunjo, picha inalala chali na mteja anakurudishia. Kila kadi naitengenezea kifuko chake cha rangi ileile, cha kutilia zawadi, noti au vocha ya simu, ili mtu asitoe pesa mkononi kama anayelipa nauli. Misimu ya kipaimara silali kwa oda.

Nilianza kadi nikiwa shuleni, nawauzia wenzangu. Nilikuwa kidato cha pili wazazi wetu walipofariki, mama akimfuata baba upesi. Baada ya matanga ukoo ukakaa kikao. Ikasemwa Sabina aende Mpanda kwa baba mdogo, Levina aende Kaengesa kwa shangazi, mimi nibaki shule. Nikasimama nikasema hatugawanywi. Shangazi akanicheka mbele ya watu: "Wewe mtoto, utawalisha karatasi?" Nikamjibu, nitawalisha karatasi. Na nimewalisha. Kwa hiyo uelewe tangu hapa kwamba nilikuwa nalinda kitu kimoja tu: tusitawanyike.

Sasa yule mama.

Alitokea upande wa Pito. Mtu mzima mwenye mvi, mrefu, kitenge kimepauka, kikapu kichwani. Vumbi siku ile lilikuwa limetukaa hadi kwenye kope, lakini miguu yake ilikuwa safi kama ndiyo kwanza ametoka kuoga. Nililiona hilo nikalinyamazia. Sabina akainuka amwamkie. Mama hakumtazama. Alitua kikapu, akampita Mama Atu, akanipita mimi, akachuchumaa mbele ya Levina, akainamisha kichwa na kupiga makofi taratibu.

Mama Atu akacheka. "Jamani, huyu mama anajua kubembeleza watoto!"

Kama wewe si wa Ufipa, huenda na wewe ungecheka. Kwetu, kuchuchumaa na kupiga makofi namna ile ni salamu ya mdogo kwa mkubwa. Mtu mwenye mvi hamwamkii hivyo mtoto wa darasa la kwanza, hata kwa utani. Nilimtazama Sabina, naye alikuwa ananitazama, mkasi umesimama hewani.

Na Levina je? Levina huyu, ambaye nikimwambia aamkie wageni hujificha nyuma ya dada yake, alikaa wima akaitikia kwa Kifipa. Siyo hiki chetu cha mjini, nusu Kiswahili. Kilikuwa Kifipa cha watu wa zamani, cha polepole, nilichokisikia kwa bibi yetu nikiwa mdogo. Bibi alifariki kabla Levina hajazaliwa. Sasa nani alimfundisha?

"Levina, hayo umejifunzia wapi?"

"Yapi, kaka?" Akarudi kwenye vipande vyake.

Nikajikaza kikazi. "Shikamoo mama. Karibu. Kadi ni ya Komunyo?"

"Marahaba. Ni ya kumkaribisha mtu nyumbani."

"Mgeni anatoka wapi?"

"Si mgeni. Alitoka kidogo tu. Sasa arudi."

Akaniambia anachotaka: nyumba ya udongo yenye mlango mmoja, na mlangoni asimame mtoto wa kike. "Mmoja," akasema. "Peke yake." Na kifuko, ila kiwe kidogo.

"Cha noti au cha vocha?"

Akafungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na jino dogo la mbele, la mtoto. Niamini ninavyokwambia. Wiki ileile Levina alikuwa ameng'oka jino, na nilimwona kwa macho yangu akilirusha juu ya bati kama watoto wote wanavyofanya. Sasa alilitazama lile jino la kiganjani, akatabasamu, pengo lake likaonekana.

"Hilo ni la nani, mama?"

"La mwenye kadi."

"Jina niandike nani?"

"Anajijua." Akasukuma kile kikapu hadi kwenye mguu wangu. Kilijaa ulezi. "Malipo yako haya. Ikisimama nitakuja."

Alipokwisha kwenda, Mama Atu akachungulia kikapu. "Fundi, leo umelipwa chakula cha kuku! Sumbawanga yenu hii, hata wateja hawana majina."

Mimi nilikuwa nimeshampata mbaya wangu: shangazi. Nani mwingine alimtaka Levina? Nikasema amemtuma huyu mzee aje atutishe, tuachie mtoto wenyewe. Na jino je? Nikajipa jibu kwamba mtoto yeyote ana meno. Nikaenda mjini kununua manila. Niliporudi nikakuta ulezi umeshakwenda mashine na sufuria iko motoni.

"Nani kakuruhusu kuugusa?" nikamfokea Sabina.

"Unga umekwisha tangu jana, kaka. Ulitaka tule mashaka yako?"

Tukala. Na mimi nilikula, sikufichi. Njaa ilikuwepo, na ulikuwa ugali mtamu.

Baada ya kula nikampigia shangazi. "Mimi nimtume mtu kukuagiza karatasi?" akanijibu kwa ukali. "Una wazimu?" Ikabidi nimweleze vizuri, tangu ile salamu. Ukali ukamwisha.

"Alimwamkia Levina?"

"Ndiyo, shangazi. Alichuchumaa kabisa."

"Mmekula ulezi wake?"

"Tumekula."

"Basi anawadai." Akakata simu. Tangu siku ile shangazi hajatamka tena habari ya kumchukua Levina, wala hajakanyaga kwetu.

Kesho yake Levina aliporudi kutoka shule alijilaza kwenye benchi pale barazani, nami nikaanza kazi. Nyumba ilikuja vizuri. Nikachana mtoto, nikamsukuma kwa ndani, nikafunga kadi nibane mikunjo, kisha nikaifungua nione kama anasimama.

Alisimama. Na Levina akasimama.

Alitoka kwenye benchi, akavaa ndala, akateremka barazani, akaelekea barabarani upande wa Pito. Nilimwita, hakugeuka. Sabina akakimbia akamshika mkono, Levina akawa anavutana naye, macho wazi, kama mtu aliyechelewa. Mimi kwa hofu nikaifunga ile kadi. Palepale akalegea mikononi mwa Sabina, usingizi mzito.

Utasema ilitokea tu. Hata mimi nilisema hivyo. Tulimrudisha kwenye benchi, Sabina akamshika kiuno kwa mikono miwili, nikaifungua kadi tena, kidogo sana. Akaamka akaanza kutafuta ndala.

"Funga!" Sabina alipiga kelele. "Funga, kaka, chana, choma moto!"

Nichome? Fikiria wewe ungekuwa mimi. Kama kadi ikifunguliwa anaondoka, na ikifungwa anaanguka, ikichomwa je? Nikimbandika yule mtoto wa karatasi kwa gundi alale, wangu ataamka lini? Nilikaa na kisu mkononi, kadi imefungwa, mtoto anakoroma, Sabina analia. Sijawahi kuogopa kazi ya mikono yangu kama siku ile.

Kisha nikawaza kama fundi, maana kitu kingine sikijui. Yule mtoto wa kadi alikuwa bado ameshikana na karatasi. Pembeni yake, kushoto na kulia, palikuwa na nafasi ya ukuta. Nikaingiza kisu kadi ikiwa wazi kidogo sana, Sabina amemng'ang'ania mdogo wake. Upande mmoja nikachana mwanamume, upande wa pili msichana. Sikuwatenganisha. Mkono wa mwanamume na wa mtoto ni karatasi moja, na wa msichana vilevile. Hakuna gundi, hakuna kiungo. Nikabana mikunjo, nikamwambia Sabina, "Mwachie."

"Simwachii."

"Mwachie, tuone."

Nikafungua kadi hadi mwisho. Wakasimama watatu mlangoni. Levina akainuka, akapiga hatua moja kuelekea barabarani, akasita. Akarudi. Akanishika mkono, akamshika na dada yake, akapiga miayo. "Kaka, nasikia njaa," akasema.

Yule mama alikuja kesho yake. Nani alimwambia imesimama? Nilikuwa nimemwomba Mama Atu asiende sokoni, akae awe shahidi, naye alikuwa ananidhihaki: "Leo nimekosa wateja kwa ajili ya bibi wa ulezi!" Alipomwona anakuja, miguu safi vilevile, akaacha.

Nikampa kadi ikiwa wazi. Sikuifunga. Aliitazama sana, akapitisha kidole kwenye mikono ile iliyoshikana.

"Nilisema mmoja."

"Hawatengani, mama. Ni karatasi moja. Ukimchana mmoja, wote wanalala."

"Nilisema peke yake."

"Nitakurudishia ulezi. Nanunua leo, kikapu kilekile."

"Mimi sikukuuzia ulezi," akasema, taratibu, bila hasira. "Nilinunua kadi."

Alisema kweli.

Akaiweka kadi magotini pangu. Kifuko akakichukua, akatia jino, akakifutika kwenye kitenge. "Hiki nimepata. Kadi bado." Kisha akachuchumaa mbele ya Levina akapiga makofi. Safari hii Levina alijificha nyuma ya Sabina, kama kawaida yake, na hakuitikia. Mama akangoja kidogo, akainuka, akaenda.

Mama Atu alinyanyuka, akachukua ufagio wetu, akafagia alikopita yule mama, kuanzia barazani mpaka barabarani, akarudi nyumbani kwake, akafunga mlango.

Ni miaka kadhaa sasa. Levina ni msichana mkubwa, darasani anafanya vizuri, na pale mbele bado ana pengo. Nimempeleka hospitali, wakampiga picha, daktari akasema jino limo ndani, zima, ila haliteremki, na sababu haoni. Ulezi niliununua kama nilivyoahidi, nikaujaza kwenye kikapu cha yule mama, nikakiweka nje. Kuku wa mtaa mzima wanapita pale. Hawajaudonoa. Na ile kadi iko juu ya kabati, wazi, haijafungwa hata siku moja, na kila anayeingia ndani namkataza asiiguse.

Wewe unayefanya kazi ya mikono, nisikilize: mteja asiye na jina mwulize mpaka akasirike aondoke. Na malipo ya kazi usiyoimaliza usiyaweke mdomoni, hata kama watoto wanalia njaa. Utamwambia nini mtu aliyekulipa, nawe umekula ukashiba?

Maana hajanisahau. Hapigi kelele, hatishi. Ananitumia salamu tu kwa wateja. Mwaka huu alikuja kijana kutoka Pito kuagiza kadi ya send-off ya dada yake anayeolewa, mchangamfu, mambo, poa, tukaelewana bei. Akiwa anaondoka akageuka.

"Halafu fundi, kuna mama mmoja nimekutana naye njiani. Anauliza kadi yake umeshaikata?"

Levina alikuwa pale barazani anapiga hesabu zake za shule. Hakuinua kichwa, lakini kalamu yake ilisimama.

"Bado," nikasema.

"Nimwambie lini?"

"Usimwambie lini. Mwambie deni nalikumbuka."