Siku Tuliyobishania Waziri na Askari

Mdogo wangu wa kike ni konstebo wa polisi Rubwera. Alipokuja likizo nyumbani Kihanga, alimkuta baba akibishana na shangazi. Redioni wabunge walikuwa wamegawanyika, kwa sababu waziri wa sheria aliwaambia askari wa vyeo vya chini wakatae amri zisizo halali.

“Anaharibu nidhamu!” alisema baba.

“Anawatetea watoto wetu,” shangazi akajibu, kisha akamgeukia mdogo wangu. “Afande, wewe utazikataa?”

“Nitazikataa, shangazi. Hata baba akiniamuru nimenye ndizi nikiwa likizo!”

Baba alicheka hadi akafuta machozi. Akachukua kisu, akaketi kumenya ndizi mwenyewe, nasi tukamzunguka tukimshangilia. Tulikula tukiwa bado tunacheka.